Mwongozo wa Majina ya Mavazi kwa Mgeni wa Bute

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye ajira, biashara, ndoa au ziara imemfikisha katika mji wa Bute, huko Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Uhabeshi, na ambaye Kiswahili chake cha Mombasa, cha Nairobi au cha Dar es Salaam kinamtosha kwa kila haja ila haja ya kutaja nguo. Katika mji huo jirani na jirani huzungumza Kisomali au Kiborana, mwalimu, askari na karani huzungumza Kiswahili, na Kiarabu husikika ndani ya lugha hizo zote kila zinapotajwa nguo za ibada na za sitara. Na kwa kuwa lugha hizi zimeishi pamoja na kuazimana tangu dahari, hutokea jina moja likawa katika lugha mbili na kumaanisha mavazi mawili, na hutokea vazi moja likawa na majina matatu, asiwepo wa kumwonya mgeni kwamba analotamka silo analolikusudia.

Nguo zenyewe hazikutoka mahali pamoja. Nyingi hufika kutoka Eastleigh, Nairobi, ambako nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuzwa soko katika miaka ya mwanzo ya 1990, baada ya dola ya Somalia kuvunjika mwaka 1991 na wafanyabiashara wake wengi kutafuta makao mapya. Nyingine hupitia Moyale, upande wa magharibi. Na kabla ya kufika huko zimetoka Dubai, Uhindi au Uchina zikiwa na majina ya viwandani. Garissa, mji ulio ukingoni mwa Mto Tana, una njia ya kuteremkia Lamu na Mombasa, na humo Kiswahili cha pwani na Kisomali hubadilishana maneno kila siku ya soko. Basi jina la vazi likifika Bute limekwisha kupita midomo mingi, na haifai kulipokea bila kulihoji.

Maswali manne ya kuuliza

Njia ya salama ni kuacha kwanza jina na kuuliza habari za kitu chenyewe, kwa maswali manne yafuatayo. La kwanza, kitambaa chake ni cha namna gani: kizito au chepesi, chenye kuficha mwili au chenye kupitisha nuru? La pili, kimeshonwa au hakikushonwa, yaani ni vazi lenye mikono na shingo, au ni shuka tu inayofungwa na mvaaji mwenyewe? La tatu, hukaa wapi mwilini: kichwani, mabegani, kiunoni, au kuanzia utosini hata nyayoni? La nne, huvaliwa na nani na wakati gani: na msichana au na mke wa mtu, nyumbani au arusini, sokoni au msikitini?

Mavazi mawili yakitoa majibu yaliyo sawa kwa maswali yote manne, hesabu kuwa ni vazi moja lenye majina mawili, nawe una hiari ya kutumia jina lolote kati ya hayo. Walakini yakihitilafiana katika jibu moja tu, hayo ni mavazi mawili, hata kama majina yake yanafanana kwa sauti na hata kama muuzaji, kwa ukarimu au kwa haraka, anakuambia kuwa ni mamoja.

Ongeza hapo onyo la matamshi. Kisomali kilipewa hati rasmi ya herufi za Kirumi mwaka 1972, na katika hati hiyo herufi *c* ni ain ya Kiarabu, wala si sauti ya “ch” wala ya “k”, na herufi *x* ni ile ha ya kooni iliyomo katika matamshi ya Kiarabu ya jina Muhammad. Kwa hiyo ukiona juu ya mlango wa duka neno *dirac* usilisome “dirak”, na ukiona *macawiis* usilisome “machawisi”. La kwanza hutamkwa kwa kukaza koo mwishoni, na la pili hutamkwa “ma-awis” kwa ain katikati. Jihadhari pia na *abaya*, ambalo ni vazi, na *abaayo*, ambalo ni neno la kumwita mwanamke kwa heshima ya dada; mwenye kuyachanganya mbele ya muuzaji hachukizi, lakini huchekwa.

Dirac, dera na baati

Tuanze na jozi inayowapoteza watu wengi zaidi. Mswahili anayeingia Bute hulijua dera, au dira kama wasemavyo wengine wa pwani: vazi pana lililoshonwa, refu hata kifundo cha mguu, la kitambaa chepesi chenye maua, ambalo mwanamke hulivaa nyumbani, sokoni na hata kazini, pamoja na mtandio wa kitambaa kile kile, na ambalo Mkristo na Mwislamu, wa Kenya na wa Tanzania, wamelifanya lao. Jina hilo limetoka katika *dirac* la Kisomali, na ulimi wa Mswahili, usiozoea ain ila kwa mtu aliyesoma, uliiacha sauti hiyo njiani. Lakini sauti haikuachwa peke yake; maana nayo ilibadilika.

Dirac la Kisomali ni vazi la fahari. Kitambaa chake ni chepesi kama melimeli ya zamani na hupitisha nuru, kwa hiyo haliwezi kuvaliwa peke yake: chini yake huvaliwa *googarad*, ambalo ni gagulo la kitambaa cha kung’aa lililopambwa pindoni, na mvaaji hulipandisha dirac upande mmoja na kulichomeka kiunoni ili pambo la gagulo lionekane, kisha juu ya mabega hutupwa *garbasaar* yenye rangi inayopatana na hivyo viwili. Vitu hivi vitatu huhesabiwa kuwa vazi moja, na mahali pake ni arusi, sikukuu na ziara ya taadhima. Mwanamke anayevaa dirac arusini hataona vema kuitwa mwenye dera, kwa sababu kwake hilo ni sawa na kumwambia kuwa amekuja na nguo ya jikoni.

Vazi la Kisomali lililo karibu na dera la Mswahili ni *baati*: la pamba, pana, lisilo na makuu, la nyumbani na la kazi za mchana. Uliza maswali manne utaona: dera na baati hukubaliana katika kitambaa, katika mshono, katika mahali pake mwilini na kwa sehemu kubwa katika wakati wa kuvaliwa, tofauti yake ikiwa kwamba baati hukaa zaidi nyumbani, au huvaliwa chini ya jilbabu mtu anapotoka, ilhali dera hutoka mlangoni bila kuomba udhuru. Lakini dirac na dera hukubaliana katika mshono na upana, na katika mengine hutengana kabisa. Kwa hiyo ukitaka nguo ya kukaa nayo nyumbani katika joto la Wajir, uliza baati; ukialikwa arusini, uliza dirac, na kabla ya kulipa hakikisha kuwa gagulo na garbasaar yake vimo katika bei, maana bei ya dirac tupu ni mwanzo tu wa gharama.

Nguo zisizoshonwa: guntiino, kanga na garbasaar

Fungu la pili ni la nguo ambazo hazikupita kwa fundi. *Guntiino* ni kitambaa kirefu kimoja, chenye yadi kadhaa, ambacho hufungwa fundo juu ya bega moja, kikazungushwa kiwiliwili na kukazwa kiunoni. Lilikuwa vazi la kawaida la mwanamke wa Kisomali wa mashambani na wa malishoni, na sasa huonekana zaidi katika ngoma na katika sherehe za kuadhimisha mila. Kitambaa chake cha heshima kilikuwa *alindi*, kilichofumwa kwa mkono katika miji ya pwani ya Benadir, Mogadishu ikiwamo. Na nguo za Mogadishu zilikuwa na sifa tangu kale, kiasi kwamba msafiri Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, alisimulia kuwa zilipelekwa hata Misri. Karne ya 19 ilileta mshindani. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walianza katika miaka ya 1830 kuifurikisha pwani kwa nguo ngumu ya pamba isiyotiwa rangi, ambayo Waswahili waliiita merikani kwa kuifuata nchi yake, na misafara ya ngamia iliyotoka bandari za Benadir kupitia Luuq, kufuata pembe za ndovu katika nchi ya Waborana, iliichukua merikani hiyo kuwa miongoni mwa bidhaa zake. Ndiyo maana katika hadithi za wazee wa kaskazini utasikia juu ya nguo nyeupe ya kufunga begani ambayo si alindi: usidhani kuwa ni vazi jingine, kwa sababu ufungaji ni ule ule, na kilichobadilika ni jibu la swali la kwanza peke yake.

Kanga nayo haishonwi, lakini si guntiino. Kanga huuzwa mbili mbili, nazo huitwa doti, kila moja ikiwa na upana wa mita moja na kidogo na urefu wa mita moja na nusu hivi, na kila moja ina sehemu tatu zilizo lazima: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ijulikanayo kwa alama ya “Mali ya Abdulla”, ilianza biashara mwaka 1887, na kanga zake hufika hata maduka ya bara. Hapa upo mtego kwa Waswahili wenyewe: Mombasa na Lamu husema leso kwa kanga, ilhali Dar es Salaam leso ni kitambaa kidogo cha mkononi cha kufutia jasho. Mwalimu wa Tanga na mwalimu wa Lamu wakipangwa shule moja ya kaskazini, na mmoja akamwagiza mwenziwe leso, ni vema waulizane kwanza ukubwa.

*Garbasaar* imejengwa kwa maneno mawili ya Kisomali, lenye maana ya bega na lenye maana ya kuweka juu, na jina hilo limekwisha kujibu swali la tatu: ni nguo ya kuwekwa mabegani. Huweza kupandishwa kichwani, lakini makao yake ni begani, na aghalabu ina rangi na nakshi za kutazamwa. Mtandio wa Kiswahili ni jirani yake wa karibu, kwa kuwa nao ni kitambaa chepesi cha kutandwa kichwani na mabegani. Tofauti ni kwamba mtandio huanzia kichwani ukateremka mabegani, na garbasaar huanzia mabegani ikapanda kichwani panapo haja. Shali ni nzito kuliko zote mbili, na kazi yake ni baridi. Ushungi ni namna ya kukifunika kichwa kwa kitambaa na kukizungusha chini ya kidevu, na baadaye jina likahamia kwa kitambaa chenyewe.

Nguo za kichwani na za sitara

Fungu hili lahitaji hadhari kuliko yote, maana ndani yake mna dini na ndoa, na kosa la jina huweza kuwa kosa la adabu.

*Shaash* ni kitambaa cha hariri au cha mfano wake, ambacho kwa mila ya Wasomali ni alama ya mwanamke aliyeolewa. Ziko sherehe za wanawake, zifanywazo siku ya saba baada ya arusi, ambapo bibi arusi huvishwa shaash kichwani mbele ya wenzake waliomtangulia katika ndoa. Kitambaa cha kichwa kisicho na maana hiyo huitwa *masar*. Mswahili wa zamani alikuwa na dusumali, kitambaa cha rangi za kupendeza cha kufunga kichwani, na kwa macho dusumali na shaash vinafanana. Lakini dusumali haitangazi ndoa, na shaash huitangaza. Usimnunulie binti wa watu shaash ukidhani umempa hidaya ya kitambaa kizuri, maana jamaa zake wanaweza kuona kuwa umesema neno ambalo hukulikusudia.

Kisha yaja majina ya Kiarabu. Watu wengi husema hijabu wakikusudia kila kitambaa kinachofunika nywele, na matumizi hayo yameenea kiasi kwamba hayakatazwi. Lakini msomaji anayetaka usahihi na ajue kuwa katika Kurani maneno yaliyotumika ni matatu na kila moja lina kazi yake. Neno *hijab* katika Sura ya 33, aya ya 53, ni pazia au kizuizi baina ya watu. Neno *khumur*, ambalo umoja wake ni *khimar*, katika Sura ya 24, aya ya 31, ni nguo za kichwani ambazo wanawake wameagizwa kuziteremsha vifuani. Na neno *jalabib*, ambalo umoja wake ni *jilbab*, katika Sura ya 33, aya ya 59, ni nguo za juu za kujifunika. Katika maduka ya Bute tofauti hii ingali hai: hijabu ni jina la jumla, khimari ni mtandio ulioshonwa ambao huvishwa kichwani na kuteremka hata kifuani au kiunoni, na jilbabu ni nguo kubwa, nzito kuliko khimari, inayofunika kichwa, mabega na kiwiliwili, ikaacha uso wazi, na kufika magotini au nyayoni. Miongoni mwa Wasomali jilbabu lilienea zaidi katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, na hiyo ndiyo sababu ya wewe kuwaona ajuza katika picha za ujana wao wakiwa na guntiino na shaash, ilhali wajukuu wao wakiwa na jilbabu tangu utotoni.

Nikabu ni kitambaa cha kufunika uso na kuacha macho, na huvaliwa pamoja na jilbabu au abaya, wala haichukui nafasi yake. Barakoa, kwa Kiswahili cha zamani cha Unguja, ilikuwa kinyago cha nguo kilichotiwa nakshi, chenye matundu ya macho, ambacho mabibi wa Kiarabu walikivaa usoni mbele ya ajinabi. Lakini tangu mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, neno hilo limehamia kwa kile kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na leo ukiuliza barakoa katika duka la Kenya au la Tanzania utaelekezwa kwenye duka la dawa. Anayetaka nguo ya uso ya sitara na aseme nikabu.

Buibui na abaya ni jozi nyingine. Buibui la kizamani, lililoenea pwani katika karne ya 20, lilikuwa nguo nyeusi pana iliyoshonwa kama mfuko, ikafungwa kichwani kwa ukanda na kumwezesha mvaaji kuvuta sehemu yake afunike uso. Nguo moja ilitimiza yote, ya mwili na ya kichwa. Abaya, iliyotoka Ghuba, ina mikono na shingo kama joho, hufunguka mbele au huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, na kichwa huihitaji nguo yake mbali. Siku hizi pwani na Nairobi watu huiita abaya kwa jina la buibui, lakini katika Bute husema *cabaayad* kwa Kisomali, nao hawakusudii ila hiyo yenye mikono. Fundi akiambiwa ashone buibui, na asiambiwe zaidi, anaweza kushona moja kati ya hayo mawili na asiwe na lawama.

Nitoe mfano wa uzito wa majina haya katika sheria. Wazazi Waislamu wa shule moja ya Isiolo, St Paul’s Kiwanjani, waliotaka binti zao waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule, walikubaliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2016, na hukumu hiyo ikatenguliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 24 Januari 2019, kwa hoja za taratibu za mashtaka, pamoja na ushauri kwamba miongozo ya sare itungwe. Hapo hijabu ilikuwa kitambaa cha kichwa, wala si jilbabu wala si nikabu. Basi, mzazi, ukipewa orodha ya sare, usitosheke na neno hijabu: uliza rangi, uliza urefu kama ni wa kufika begani au kiunoni, na uliza kama imeshonwa au ni ya kufungwa kwa pini, kisha ndipo uende dukani.

Nguo za wanaume

Majina ya wanaume ni machache na mitego yake ni myepesi. *Macawiis* ni nguo ya kiunoni iliyoshonwa ncha zake mbili zikawa duara, yenye miraba au mistari, ambayo mwanamume huingia ndani yake akaikunja na kuikaza kiunoni bila mshipi. Waswahili wengine huiita saruni. Kikoi ni shuka ya pamba isiyoshonwa, yenye mistari ya rangi kandokando na matamvua mwishoni, nayo hufungwa. Jibu la swali la pili huzitenga mara moja. Shuka ni jina la jumla la nguo isiyoshonwa, ya kuvaa au ya kujifunika usiku, na kwa hiyo anayeagiza shuka asishangae akiletewa ya kitandani.

Kanzu ya pwani ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, haina kola, na hutiwa nakshi shingoni kwa uzi wa rangi yake. Kanzu ya Uganda ina nakshi nyekundu kifuani. Na ile yenye kola na vifungo, iletwayo kutoka Saudia, wengi huiita khamisi, na Wasomali husema *qamiis*. Joho ni vazi la juu, pana, lililo wazi mbele, la arusi na la cheo, na siku hizi pia la wahitimu wa chuo. *Cimaamad* ni kitambaa ambacho mzee wa kaskazini hukitupa begani au hukizungusha kichwani. Si kilemba, kwa kuwa kilemba hakiwi kilemba mpaka kifungwe, na cimaamad hubaki cimaamad hata ikiwa begani. Kofia ya kudariziwa huitwa *koofiyad*, na iliyo maarufu miongoni mwa Wasomali ina jina la Barawa, mji ambao wenyeji wake wana lahaja yao ya Kiswahili.

Maneno ya kusifu

Mwisho wa majina ya nguo ndio mwanzo wa maneno ya kumsifu aliyezivaa, na haya nayo hayabadilishani. Mtindo ni namna nguo ilivyokatwa na kushonwa, nao waweza kuwa wa leo au wa miaka mia iliyopita. Fasheni ni mtindo unaopendwa kwa wakati wake, nao hupita. Guntiino ni mtindo, lakini si fasheni; dirac la rangi ya mwaka huu ni vyote viwili. Nadhifu ni aliye safi, hata nguo yake ikiwa kuukuu. Tanashati ni aliye nadhifu kisha akajipanga, na aghalabu husemwa kwa wanaume. Maridadi hupita hapo: ni mwenye kuchagua na kupatanisha, akapendeza machoni, na Wasomali wana *xarrago* kwa maana iliyo karibu nayo, ya umaridadi wenye kujionyesha kidogo. Mrembo husifiwa kwa sura na mapambo yake, na mlimbwende, katika magazeti ya leo, ni wa jukwaani.

Katika Bute, mgeni mwanamume atafanya vema kuyaacha mawili ya mwisho. Kumsifu mke wa mtu au binti wa mtu kwa urembo ni kuisifu sura yake, na hilo si haki ya ajinabi. Lakini kusema kwamba vazi limepatana, na kuanza kwa mashaallah, ni kuisifu nguo na aliyeichagua, nako hakumwudhi mtu. Mzee waweza kumwambia kuwa ni nadhifu, na kijana kuwa ni tanashati. Anayejisitiri vema hasifiwi kwa fasheni, bali kwa staha.

Namna ya kuagiza

Ikiwa utaagiza nguo kutoka Eastleigh kwa simu, au utampa mtu fedha aendaye Moyale, usitaje jina peke yake. Taja jina, kisha uongeze majibu ya maswali manne: “Nataka baati ya pamba isiyopitisha nuru, iliyoshonwa yenye mikono mifupi, ya mtu mrefu, ya kukaa nyumbani.” Ukienda kwa fundi cherehani, mpelekee nguo ya kuigwa kama unayo, na kama huna, mwonyeshe kwa mkono juu ya mwili wako mahali nguo inapoanzia na inapoishia, na umwambie kama wataka bitana ndani yake. Ukipewa jina usilolijua, usione haya kumwuliza muuzaji vazi hilo huvaliwa lini. Swali hilo moja hutenga dirac na baati, shaash na masar, garbasaar na khimari, kwa upesi kuliko kamusi.

Wala usimsahihishe mwenyeji kwa Kiswahili cha kwenu. Anayesema abaya anapoiona nguo unayoiita buibui, na anayekataa kuliita dirac lake dera, wanaijua nguo yao kuliko wewe. Jifunze jina lao kwa maana yao, ulitumie katika mji wao, na la kwenu ulihifadhi kwa siku ya kurudi.